Maji Ndani ya Oili: Kusafisha Injini Kuukuu ya Mashua na Funzo Lake kwa Lugha

Utangulizi

Neno tezo lina maana mbili kwa mtu wa Pwani ya Kenya. Kwanza ni kifaa cha fundi wa vyombo, chenye makali mapana yaliyokingama na mpini, ambacho hutumika kuchongea mbao za mashua. Pili ni jina la mahali katika Kaunti ya Kilifi, kando ya barabara kuu iendayo Malindi, kaskazini kidogo mwa mji wa Kilifi. Makala haya hayadai kwamba maana ya pili imetokana na ya kwanza. Suala hilo tunawaachia wanaisimu wa majina ya mahali. Ila ni kweli kwamba mtu aliyekulia Tezo, kama mwandishi wa makala haya, hukua akisikia habari za vyombo. Tezo si bandari. Ni mahali pa minazi, mikorosho na mashamba ya mahindi. Lakini hori ya Kilifi haiko mbali, na wapo wenyeji wanaolima msimu mmoja na kuvua msimu mwingine.

Tangu nusu ya pili ya karne ya 20, vyombo vingi vya tanga vya mwambao huu vilianza kutiwa injini za dizeli. Tanga halikuondoka, ila nahodha hakulazimika tena kungoja upepo ili atoke au aingie horini maji yakiwa yanakupwa. Pamoja na faida hiyo kulikuja maradhi mapya ambayo mababu hawakuyajua. Mojawapo ni maji kuingia katika oili ya injini, oili ikageuka tope, na injini ikafa kabla ya wakati wake.

Makala haya yana malengo mawili. La kwanza ni kueleza kwa Kiswahili, hatua kwa hatua, jinsi ugonjwa huo unavyotokea, unavyotambuliwa na unavyotibiwa. La pili ni kuonyesha kwamba maelezo ya aina hii ni mtihani wa haki kwa lugha yetu. Mara nyingi tunasema vyuoni kwamba Kiswahili kinaweza kubeba sayansi na teknolojia. Ni vyema tukaweka kauli hiyo juu ya meza ya fundi na kuona kama inasimama.

Mafuta au Oili?

Kabla ya kuendelea hatuna budi kuondoa utata mmoja. Kiswahili hutumia neno mafuta kwa vitu vingi: mafuta ya kupikia, mafuta ya nazi, mafuta ya nyama, mafuta ya taa na mafuta ya gari. Ukimwambia kijana asiyejua kazi, "Tia mafuta katika injini," huenda akatia dizeli mahali pa kulainishia, na hilo ni kosa la gharama kubwa. Mafundi wa Pwani wameuondoa utata huo kwa njia nyepesi. Kile kinachochomwa hukiita dizeli au mafuta, na kile kinacholainisha hukiita oili. Makala haya yanafuata matumizi hayo ya mafundi, kwa sababu yanatofautisha vitu viwili ambavyo havipaswi kukutana.

Kazi ya Oili na Madhara ya Maji

Rudolf Diesel, mhandisi Mjerumani, alifanikiwa kuendesha injini ya aina yake mwaka 1897. Kanuni yake haijabadilika. Pistoni hupanda ndani ya silinda na kuibana hewa hadi takribani sehemu moja ya ishirini ya ujazo wake. Hewa iliyobanwa hivyo hupata joto linalopita nyuzi 500 za Selsiasi. Dizeli inaponyunyizwa humo kupitia nozeli, huwaka yenyewe bila kuwashwa na cheche. Nguvu ya mwako huisukuma pistoni chini, nayo pistoni huizungusha krenki kwa fimbo ambayo mafundi huiita konrodi.

Vyuma hivi vyote hukimbia vikikaribiana mno. Kinachovitenganisha ni utando mwembamba wa oili. Oili ina mnato, yaani ule ugumu wake wa kutiririka, na mnato huo ndio unaoufanya utando usikatike chini ya mzigo. Zaidi ya kupunguza msuguano, oili huondoa joto, hubeba masizi na uchafu hadi kwenye chujio, na huzuia kutu.

Maji yanapoingia, kazi zote hizo huharibika kwa pamoja. Kwa kawaida maji na oili havichangamani. Maji ni mazito zaidi, hivyo hukaa chini. Lakini ndani ya injini inayozunguka, krenki huvipiga kama mtu anayekoroga uji, na maji huvunjika kuwa vitone vidogo mno vinavyoelea ndani ya oili. Wanakemia huuita mchanganyiko huo emalsheni. Mafundi wa Kilifi husema, "Oili imekuwa maziwa." Oili ya namna hiyo hailainishi ipasavyo. Kwenye beringi, utando hukatika na chuma hugusa chuma.

Si hivyo tu. Dizeli huwa na salfa kidogo, na mwako wake hutoa gesi ambazo zikikutana na maji hufanya asidi. Asidi hula beringi. Masizi nayo hushikana na maji na oili iliyochakaa, yakawa tope zito jeusi linalotulia chini ya sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini. Tope hilo likisogea, laweza kuziba wavu wa pampu ya oili, na injini ikanyimwa oili hata kama kijiti cha kupimia kinaonyesha kwamba imejaa. Iwapo maji yenyewe ni ya bahari, chumvi huongeza kasi ya kutu. Injini iliyoachwa na maji ya chumvi ndani yake haihesabiwi kwa miezi. Huhesabiwa kwa siku.

Maji Hupitia Wapi?

Fundi anayesafisha oili bila kujua maji yalikopitia ni sawa na baharia anayekumba maji bila kutafuta panapovuja. Zipo njia tano kuu.

Njia ya kwanza ni pampu ya maji ya bahari. Pampu hii imefungwa ubavuni mwa injini. Upande wake mmoja una maji, upande wa pili una oili, na kati yao kuna sili mbili. Baina ya sili hizo watengenezaji huacha kitundu kidogo kinachotazama chini. Sili ya maji ikichakaa, maji hutona nje kupitia kitundu hicho, na mwenye chombo huonywa mapema. Lakini kitundu kikizibwa na chumvi au na rangi ya mtu aliyetaka injini ipendeze, maji hukosa pa kutokea na huenda yakapenya hadi kwenye oili.

Njia ya pili ni bomba la moshi. Katika vyombo vingi maji yaliyokwisha kupoza injini humwagwa ndani ya bomba la moshi ili kulipoza, kisha yakatupwa nje pamoja na moshi. Mahali yanapomwagwa pakiwa chini ya usawa wa bahari, kuna hatari ya mnyonyo. Kila aliyewahi kuvuta dizeli kwa mpira kutoka mtungi wa juu hadi wa chini anaijua kanuni hii: mkondo ukishaanza, huendelea wenyewe. Ili kuukata, huwekwa vali ndogo juu ya usawa wa maji, inayoingiza hewa injini inapozimwa. Vali hiyo ikiganda kwa chumvi, bahari huendelea kuingia kimyakimya. Maji hujaa katika kizuia sauti, hupanda hadi kwenye vali ya moshi iliyobaki wazi, huingia silindani, na kutoka hapo huchuruzika kupitia ringi za pistoni hadi kwenye oili.

Njia ya tatu hufanana na ya pili, ila chanzo chake ni papara. Injini inapokataa kuwaka na mtu akaendelea kupiga stata, pampu huendelea kuleta maji ilhali hakuna moshi wa kuyasukuma nje. Maji hayo hujaa katika bomba na kurudi silindani. Ndiyo maana mafundi wenye uzoefu huifunga vali ya maji ya bahari wanapohangaika na injini kaidi, na kuifungua mara tu inapowaka.

Njia ya nne ni gasketi ya kichwa cha injini iliyoungua, au chuma kilichotobolewa na kutu kati ya mkondo wa maji na mkondo wa oili. Njia ya tano ni ngama, yaani mahali chini ya chombo yanapokusanyika maji yavujayo. Maji ya ngama yakipanda hadi kwenye sili ya krenki au tundu la kijiti cha kupimia, injini huzama ndani ya chombo ambacho chenyewe bado kinaelea.

Pamoja na hizo, kuna unyevu wa hewa. Injini inayowashwa dakika chache na kuzimwa kabla haijapata joto hukusanya matone ya maji ndani yake. Utaona povu jeupe chini ya kifuniko cha oili. Hili ni onyo, lakini si msiba.

Kisa cha Mashua Moja

Mwezi wa Disemba mmoja, nikiwa likizoni, nilimfuata mjomba wangu horini. Mashua yake ilikuwa na injini ya dizeli ya silinda mbili, yenye umri mkubwa kuliko wangu. Upepo wa kaskazi ulikuwa umetulia na samaki walikuwa wakipatikana. Jioni iliyotangulia injini ilikuwa imekataa kuwaka kwa sababu ya hewa katika mpira wa dizeli, na kijana mmoja wa chombo alipiga stata mpaka betri ikachoka. Usiku betri ilichajiwa. Asubuhi kijana alipobonyeza, injini ilitoa mlio mmoja mfupi wa chuma, ikasimama.

"Nijaribu tena, mjomba? Mara moja tu," kijana akauliza.

Mzee mmoja fundi aliyekuwa mashua ya jirani alisikia mlio ule, akapaza sauti: "Usiguse! Hewa hubanwa, maji hayabanwi."

Maneno hayo manne yalibeba somo zima la fizikia. Silinda ikiwa na maji, pistoni inayopanda haina pa kwenda. Ikisukumwa kwa nguvu ya stata au ya silinda jirani, kinachosalimu amri ni konrodi, nayo hupinda. Kwa mjomba, konrodi iliyopinda ingekuwa na maana ya kushusha injini nzima na kupoteza msimu, na msimu ule ndio uliotegemewa kwa karo ya watoto wake wawili.

Mzee alipanda chomboni, tukamwamkia, naye akaanza kazi bila haraka. Hatua zinazofuata ni zile alizotuonyesha, pamoja na nyongeza ambazo mwandishi amejifunza baadaye.

Dalili na Vipimo

Kipimo cha kwanza ni macho. Oili ya dizeli inayofanya kazi huwa nyeusi. Weusi peke yake si ugonjwa. Rangi ya kijivu, ya chai ya maziwa au ya malai ndiyo dalili ya maji. Kipimo cha pili ni kiasi. Oili haizaliani. Ikiwa kijiti kinaonyesha imepanda juu ya alama na hukuongeza, basi kuna kitu kimeingia. Kikiwa maji, oili hupauka. Kikiwa dizeli, oili hubaki nyeusi lakini huwa nyepesi na hunuka dizeli.

Kipimo cha tatu ni chupa. Oili huwekwa katika chupa ya kioo na kuachwa usiku kucha. Maji yasiyokorogwa sana hujitenga na kukaa chini, nawe waweza kuyaona kwa macho. Kipimo cha nne ni bati la moto. Tone moja la oili hudondoshwa juu ya bati lililopashwa joto kupita kiwango cha kuchemsha maji. Oili kavu hutandaa na kufuka moshi kidogo. Oili yenye maji huchatika kama vitunguu vinavyotiwa katika mafuta ya moto. Kipimo hiki kifanyiwe nje ya chombo, mbali na dizeli, na macho yakingwe.

Jambo moja la kutahadhari: baadhi ya injini hupozwa kwa maji baridi yaliyochanganywa na dawa ya kuzuia kutu, na dawa hiyo nyingi ni sumu. Mtu asionje maji yatokayo ndani ya injini ili kujua kama ni ya chumvi.

Hatua za Kusafisha

Hatua ya kwanza ni kuacha. Stata isiguswe. Vali ya maji ya bahari ifungwe na waya wa betri ufunguliwe.

Hatua ya pili ni kuyatoa maji silindani. Nozeli hufunguliwa, kisha krenki huzungushwa polepole kwa mkono. Katika mashua ya mjomba maji yaliruka kutoka tundu la silinda ya pili hadi kwenye taruma. Baada ya kutoka, oili kidogo safi hutiwa katika kila silinda na krenki huzungushwa tena, ili kuta za silinda zisishike kutu wakati kazi nyingine ikiendelea.

Hatua ya tatu ni kuitoa oili mbovu. Katika gari, fundi hulala chini na kufungua boliti ya sampu. Katika chombo hakuna nafasi hiyo, kwa kuwa injini imekalia misingi yake juu tu ya mkuku. Oili hunyonywa kwa pampu ya mkono kupitia tundu la kijiti cha kupimia, kwa mpira mwembamba uliofika hadi chini kabisa. Ni vyema kupima kilichotoka. Injini ile hubeba lita 5. Sisi tulitoa lita 6. Hesabu ilituambia kwamba takribani lita 1 ilikuwa maji, na ikatupa kitu cha kulinganisha baadaye.

Hatua ya nne ni kulitoa chujio na kulichana. Karatasi yake ikiwa na chembe zinazometa, beringi zimeshaanza kuliwa, na kusafisha pekee hakutatosha.

Hatua ya tano ni kuziba chanzo. Methali husema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mzee alitoa hewa katika mkondo wa dizeli, kwa kuwa ndiyo iliyosababisha papara ya stata. Alimwaga maji yaliyojaa katika kizuia sauti. Kisha akaifungua ile vali ya kukata mnyonyo, akaikuta imeganda kwa chumvi, akailoweka katika maji baridi ya moto mpaka ikacheza.

Hatua ya sita ni kuliondoa tope. Hapa ndipo mafundi wengi hutofautiana. Wapo wanaotia mafuta ya taa au dizeli pamoja na oili, wakaiwasha injini ili tope "lioshwe". Njia hiyo ina hatari mbili. Kwanza, oili iliyochanganywa hivyo hupoteza mnato wakati ule ule ambapo beringi zinauhitaji zaidi. Pili, tope huachana na kuta kwa mapande, likaenda kuziba wavu wa pampu. Ikiwa tope ni jepesi, mizunguko ya oili mpya italiondoa. Ikiwa ni zito, njia salama ni kufungua vifuniko vya ubavuni, au kushusha sampu inapowezekana, na kulikomba kwa mkono. Dizeli yaweza kutumika kuoshea humo, mradi injini haizunguki, na yote ipanguswe na kukaushwa kabla ya kufunga. Vitambaa viwe vya kitambaa kizima kisichoacha nyuzi. Pamba na nguo zilizochakaa huacha uzi, na uzi huo huishia kwenye wavu ule ule tunaotaka kuuokoa.

Hatua ya saba ni kusuuza. Chujio jipya hufungwa na oili ya bei nafuu, lakini yenye mnato uliotajwa na mtengenezaji, hutiwa hadi kwenye alama. Nozeli zikiwa bado nje, krenki huzungushwa kwa stata mpaka oili ifike kwenye beringi. Kisha nozeli hurudishwa na injini huwashwa bila mzigo kwa dakika 5 hadi 10, mtu akiitazama geji ya oili muda wote. Geji ikishuka, injini huzimwa papo hapo. Baada ya hapo oili hunyonywa ingali na joto, kabla maji na uchafu havijatulia. Mzunguko huo hurudiwa, na chujio hubadilishwa. Katika injini ya mjomba oili ya kwanza ilitoka kama maziwa, ya pili kama chai, ya tatu ikiwa na ukungu kidogo, na ya nne ikiwa safi.

Hatua ya nane ni kuikausha injini. Oili nzuri hutiwa, na chombo huendeshwa baharini chini ya mzigo kwa saa moja au zaidi. Injini zinazopozwa moja kwa moja na maji ya bahari huendeshwa kwa joto la chini, aghalabu karibu nyuzi 60, ili chumvi isigande katika njia za maji. Kwa sababu hiyo unyevu hautoki upesi, na kuiwasha injini dakika kumi gatini hakusaidii. Baada ya saa kama 25 za kazi, oili hubadilishwa tena. Gia nayo isisahauliwe. Oili yake ipimwe kwa njia zile zile.

Kazi ile ilituchukua siku tatu. Kijana wa stata ndiye aliyenyonya oili mara zote nne, na siku ya nne ndiye aliyeiwasha.

Oili Chafu Iende Wapi?

Mizunguko minne ya lita 5, pamoja na ile ya awali, ilituachia zaidi ya lita 25 za oili chafu. Njia rahisi ingekuwa kuimwaga horini usiku. Lakini miti ya mikoko hupumua kwa mizizi. Mchu, kwa mfano, husimamisha mizizi yake juu ya tope mfano wa penseli ili ipate hewa, na oili ikiipaka mizizi hiyo mti hukosa pumzi. Mikoko ikifa, kaa na samaki wachanga wanaojificha humo hupotea, na mvuvi aliyemwaga ndiye anayerudi na wavu mtupu.

Desturi nyingine ya Pwani ni kupaka oili chafu kwenye nguzo za nyumba na nyua ili kuzuia mchwa. Inazuia kweli, lakini nayo huingia udongoni, na panapokuwa na kisima cha karibu hatari huongezeka. Kanuni za Usimamizi wa Taka za Kenya za mwaka 2006 ziliiweka oili ya aina hii katika orodha ya taka hatari, na Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 ilikazia wajibu wa kila mzalishaji wa taka. La busara ni kuikusanya katika mitungi yenye vifuniko, bila kuichanganya na dizeli wala rangi, na kuipeleka kwa wakusanyaji walioidhinishwa.

Funzo kwa Lugha

Msomaji atakuwa amebaini kwamba msamiati wa makala haya una tabaka mbili. Tabaka la kwanza ni la maneno ya zamani ya chombo: mkuku, taruma, ngama, kukumba. Tabaka la pili ni la maneno ya karakana: gasketi, sili, krenki, stata, nozeli, sampu. Wapo wanaolionea haya tabaka la pili, wakidhani ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Tukumbuke kwamba bomba na parafujo ni maneno tuliyoyapata kwa Wareno, na nahodha na bandari yametoka Uajemi. Leo hakuna anayeyauliza pasipoti. Jina la kifaa husafiri na kifaa chenyewe, na hakuna aibu katika hilo.

Suala zito liko kwingine. Jina la kifaa laweza kukopwa, lakini maelezo ya jinsi kifaa kinavyofanya kazi hayana budi kutolewa kwa lugha anayoifikiria fundi. Hapo Kiswahili kina hazina. Fundi anapouliza kama maji yanatona, yanachuruzika, yanatiririka au yanapenya, anauliza maswali manne tofauti ya kiufundi, na kila jibu lina sababu yake. Maneno mnato, utando, msuguano na mashapo hayahitaji kufundishwa upya kwa mtoto wa Pwani. Yanahitaji tu kuelekezwa kwenye injini.

Pengo lililopo ni la makosa yasiyo na jina. Mjomba aliniambia kwamba kwa miaka mingi alijua mashua yake "hunywa maji ikiwa imesimama". Tendo la kunyonya kwa mpira alilijua, na vali ile aliiona kila siku. Kilichokosekana ni neno la kuviunganisha. Vitabu vya maelekezo vilivyokuja na injini za namna hiyo vimeandikwa kwa lugha za watengenezaji, na kwa kuwa hakuna aliyevifasiri, vali ndogo ilibaki kuwa pambo. Makala haya yamependekeza neno mnyonyo. Huenda mafundi wa Lamu, Pemba au Kilwa wana neno bora zaidi. Kulitafuta neno hilo ni kazi inayofaa wanafunzi wa Kiswahili. Kamusi zetu zilizonakili maneno ya jahazi zilifanya hivyo kwa kuwasikiliza mabaharia. Ni zamu yetu kuwasikiliza wanaotengeneza injini zao.

Hitimisho

Tumeona kwamba maji huiharibu oili kwa kudhoofisha utando wake, kuzalisha asidi na kufanya tope. Tumeona pia kwamba tiba huanza kwa kuacha stata, ikafuatiwa na kuziba chanzo, kukomba tope, kusuuza mara kadhaa na kuikausha injini kwa kazi. Hakuna hatua hata moja kati ya hizo iliyoshindikana kuelezwa kwa Kiswahili. Mashua ya mjomba ilitoka horini siku ya tano, ikiwa imepoteza juma moja la msimu badala ya msimu mzima. Iliokolewa na sentensi fupi ya mzee mmoja, aliyoitamka kwa lugha ambayo kijana aliyeshika stata aliielewa papo hapo.